Kengele ya Meli Kule Mandawa

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Nachingwea. Mwaka juzi, wakati wa kuvuna ufuta, katekista wa kanisa dogo la kijijini kule Mandawa alinipigia simu. Chuma kinachoning'iniza kengele yao kimekatika. Nikafunga jenereta kwenye pikipiki, nikaenda.

Kengele ilikuwa imewekwa chini, nyeusi tii. Nikaisugua kwa ndimu na majivu nione kama ina ufa. Shaba ikaanza kung'aa, na herufi zikajitokeza.

"Mzee, hapa pameandikwa!"

"Jina la mtakatifu hilo," katekista akajibu, hata hakuinuka.

Halikuwa la mtakatifu. Lilikuwa jina la meli, na chini yake mwaka, wa karne ile ya kumi na tisa. Nikaliandika jina lile kwenye simu, nikazunguka mikorosho kutafuta mtandao, mpaka picha ikafunguka: meli nyeusi, mabomba mawili ya moshi, milingoti mitatu.

Katekista akaja mbio, akavaa miwani. "Ina injini, na matanga pia?"

"Labda injini walikuwa hawajaiamini."

Nikamsomea kwa Kiingereza changu cha sekondari. Ilivusha watu Atlantiki, kutoka Ulaya kwenda Amerika. Matajiri juu, na piano yao. Maskini chini kabisa, wamelala kwenye mbao. Miaka michache ilisifiwa kwa mbio, kisha zikaja meli mpya zikaiacha. Ikauzwa, ikabadilishwa jina. Ikabeba askari na farasi wao vitani. Ikarudi kubeba maskini. Mwisho ikakatwakatwa, ikawa chuma chakavu.

Hapo nilishindwa kutulia. Malori mabovu mangapi nimeyakata mimi! Kumbe kuna fundi mwenzangu, ng'ambo huko, aliyeifungua kengele hii kwanza ndipo akawasha moto.

"Padri mmoja wa zamani aliileta ndani ya sanduku," katekista akasema taratibu. "Hatukumuuliza ilitoka wapi."

Nilichomelea haraka kuliko siku zote. Tukaipandisha kengele, nami nikavuta kamba bila kufikiri kwamba ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Watu wakatoka mashambani mbio, Wakristo na Waislamu, wengine na mundu mkononi.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," katekista akapaza sauti. "Kuna meli!"

Wakatazamana. Ikabidi awaeleze yote kwa Kimwera, akionyesha mawimbi kwa mikono, nami nikipitisha simu waone picha. Hakuna aliyekasirika. Bibi mmoja aliishika simu muda mrefu kuliko wote.

"Abiria wake walifika?" akaniuliza.

"Kwa nilivyosoma, bibi, haikuzama hata mara moja."

"Basi piga tena, tusikie."

Nikapiga mpaka bega likaniuma.