Maneno Niliyookota kwenye Foleni ya Kliniki

Nilichomoa waya wa kompyuta ya fundi ukutani, mwanangu akiwa mgongoni. Kioo kikazima. Yeye, aliyenitengenezea tovuti, akabaki ameshika kipanya.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile namfuata dukani kwake, karibu na stendi ya Bariadi, nikimwomba aondoe ukurasa mmoja tu.

"Dada, huo ndio unaotokea wa kwanza mtu akitafuta," alisema. "Nani anajishusha mwenyewe?"

Nikamwambia kuna mtoto amelazwa kwa sababu ya ukurasa huo.

"Yale maneno sikuyatunga mimi," akasema. "Uliyaleta wewe."

Ndipo nilipochomoa waya. Kilichonikera ni kwamba, ukiacha neno moja, alisema kweli.

Nilikuwa nasaga unga wa uji wa watoto nyumbani: mahindi, mtama, karanga, soya. Kampuni za simu zilikuwa zinagombania wateja mpaka vijijini, bando limeshuka bei, na mimi na kidato changu cha nne nikaona nisibaki nyuma. Maneno ya tovuti niliyaandika mwenyewe kwenye daftari. Nikaanza kama tunavyoanza kwetu ukifika mji wa watu: salamu kwanza, kisha mimi binti wa nani, nimeolewa wapi. Unga ulikuja mwisho kabisa. Kurasa zote tano nikazipa kichwa kimoja, "Karibu". Picha zilikuwa kubwa hivi kwamba mtu wa kijijini anakata tamaa kabla hazijafunguka. Kwa miezi kadhaa aliyeniona mtandaoni ni shangazi yangu, tena kwa sababu nilimfungulia mimi.

Fundi alinifundisha, siwezi kumnyima hilo. Kila ukurasa uwe na kichwa chake kinachosema kilichomo. Picha zipunguzwe ukubwa, na chini yake pawe na maelezo, maana ile mitambo ya kutafutia inategemea sana maandishi. Taja mji na mtaa. Na zaidi ya yote, andika maneno anayoyaandika anayetafuta, siyo yale unayoyapenda wewe. "Hakuna mama anayeandika 'lishe bora'," aliniambia. "Kawasikilize."

Nikaenda kuwasikiliza. Siku ya kupima uzito nilikaa kwenye foleni ya kliniki na mwanangu mapajani, wanawake wakiongea kama tunavyoongea tukiwa wenyewe. Mtoto anakonda. Mtoto hataki kula. Mtoto amevimba miguu. Nywele zimegeuka rangi. Niliyaandika yote nyuma ya kadi ya mwanangu, na hakuna aliyejua. Mmoja alinishikia mtoto ili niandike vizuri.

Yale yalikuwa maneno ya watu wenye hofu, nami nikayapeleka dukani kama pamba ya mnadani. Fundi akatengeneza ukurasa wenye kichwa hiki: "Mtoto anakonda? Amevimba miguu? Tiba yake hii hapa." Neno tiba aliliongeza yeye. Mimi nililisoma. Nilijua kuvimba miguu si jambo la uji, nesi alikuwa anatuambia kila mwezi. Nikauacha ulivyo, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kupiga simu.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Zagayu kuchukua mfuko wa tatu. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, akipiga goti kidogo kama kwa mkwe, mimi niliyekuwa mdogo kwake. Akamshusha mtoto mgongoni. Miguu ilikuwa inang'aa. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki.

"Hospitali mmefika?"

"Hapana, mayu. Shemeji alitafuta kwenye simu, ikasema tiba iko kwako. Tunangoja unga ufanye kazi."

Nilimpakia kwenye bodaboda, nikapanda nyuma yake, tukaenda hospitali. Nesi akauliza kwa ukali nani alimwambia angoje. Yule mama akaninyooshea kidole, bila kinyongo, karibu kwa fahari. "Huyu ndiye anayemtibu."

Mtoto alipona, ila alilazwa wiki nyingi. Mama yake bado ananisalimia kwa goti. Sijui niufiche wapi uso.

Sasa, siku ile ya waya, fundi aliuchomeka tena taratibu, akanieleza nisichowahi kuuliza: jina la tovuti liliandikishwa kwake, na nywila ni zake. Asipotaka, ukurasa hautoki. Muda wote nilikuwa natamba na ng'ombe aliye zizini kwa mtu, mwenye alama ya mtu.

Nikaenda halmashauri, kwenye dawati la malalamiko. Afisa alisoma barua yangu mara mbili.

"Mama, mlalamikaji hawezi kuwa mlalamikiwa."

"Gonga muhuri," nikamwambia.

Akagonga. Nakala ninayo mpaka leo, imeandikwa hivi:

"Mlalamikiwa wa kwanza ni fundi wa tovuti, aliyeandika tiba mahali ambapo hakuna tiba na anakataa kuondoa. Mlalamikiwa wa pili ni mwenye unga, yaani mimi, niliyechukua maneno ya wazazi kliniki bila kuwaambia, nikasoma uongo nikaukubali. Naomba fundi aamriwe kuuondoa ukurasa huo leo, na mahali pake paandikwe: mtoto akivimba miguu, mpeleke hospitali sasa hivi, usinunue unga wangu kwanza. Maswali ya kwenye kichwa cha ukurasa yabaki, neno tiba tu litoke, ili wanaotafuta kwa maneno yale yale wakute hilo."