Swali Lililotiwa Mfukoni

Ati sijui kufundisha! Miaka yote hii nawapika walimu wa kemia chuoni, leo kijana mwezeshaji ananipa karatasi nihesabu sekunde. Yalikuwa mafunzo ya mbinu shirikishi, wiki nzima Tunduma, wakufunzi wa sayansi watupu. Siku ya tatu tukapelekwa shule moja ya Iyula kutazama kipindi. Kazi yetu moja tu: mwalimu akiuliza swali, tuandike amengoja sekunde ngapi kabla ya kujijibu mwenyewe.

Aliyeingia darasani nilimfundisha mimi. Nikavimba kichwa. Akagonga chaki ubaoni mara mbili. "Tuko pamoja?" Darasa likaitika, "Ndiyooo!" Hakungoja hata sekunde moja. Mwenzangu akanigusa kiwiko: "Huyu si wewe kabisa?" Tukacheka.

Kisha binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, chumvi ikiyeyuka inakwenda wapi? Mbona haionekani, lakini ladha ipo?"

Mwalimu akatabasamu. "Hilo litie mfukoni, tutalitoa kesho." Darasa likaangua kicheko. Binti akakaa.

Looh! Maneno yangu hayo. Kila mwaka niliyasema ili wanachuo wacheke, na kesho hiyo haikufika hata mara moja. Nikamwona mwalimu yule enzi za chuo, safu ya pili, sweta la kijani, amesimama na swali lake. Nami nikamwambia alitie mfukoni. Hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza, na kwenye ripoti nikaandika kwamba ni msikivu. Alichouliza sikikumbuki. Nimekitafuta, jamani, hadi leo sikipati.

Baada ya kipindi alinifuata barazani, mikono imejaa chaki. "Shikamoo, mkufunzi. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekukosea, mwanangu. Kuna siku uliuliza kitu chuoni nikakukatisha. Ulitaka kujua nini?"

Akafikiri. Safari hii nilingoja, na nilihesabu hadi nikaogopa.

"Mimi? Hapana, mkufunzi. Sikuwahi kuwa na swali."

Nikamwomba turudi darasani upesi. Yule binti alikuwa peke yake, anafuta ubao. Nikamsihi aulize tena lile swali lake la chumvi, tupo tunamsikiliza.

Hakugeuka.

"Nimeshaelewa, mwalimu," akasema, akaendelea kufuta.