Fishi Iliyorudishwa

Jumanne, tarehe 28 Aprili 1992. Mvua tangu alfajiri, nyembamba, isiyo na haraka. Ukungu ulikaa juu ya Mlima Kigali mpaka saa nne. Kuni mbichi.

Hayo ndiyo niliyoandika siku ile, na chini yake mstari mmoja: fishi ya binti wa jirani imerudi. Daftari hilo ninalo bado. Nimelifungua ili niliandike jambo hili sawasawa, maana nimelisimulia kwa mdomo mara nyingi, na kila nikisimulia najikuta nimetoka mwema zaidi kidogo kuliko nilivyokuwa.

Mimi niliishia darasa la tano. Shuleni kwetu, hapa Biryogo mjini Kigali, kazi yangu ilikuwa kufagia, na mwaka ule ikawa kuchemsha maji. Ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa umeingia vichochoroni, ule ambao Wanyarwanda wanauita macinya, na kila wiki tulisikia mtu amezikwa. Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Direkta, hakufunga shule. Aliweka mapipa mawili nyuma ya darasa la kwanza. Asubuhi nilichemsha maji, yakipoa nikatia sukari na chumvi kwa kipimo alichotufundisha muuguzi, kisha watoto wa madarasa ya juu wakayapeleka kwa vidumu kwenye nyumba zenye wagonjwa. Sukari walitoa wenye maduka, kuni walileta wazazi. Sharti la Direkta lilikuwa moja tu, mtu asiulize nyumba ni ya nani.

Alikuwa na sababu ya kuliweka. Vita na waasi, wengi wao Watutsi, ilikuwa imeanza mpakani mwaka wa tisini, na tangu hapo watu waliuliza. Siku moja mama mmoja wa zamu alitua mzigo wake wa kuni akasema, "Kuni zangu zichemshe maji ya wale? Si wana ndugu zao huko porini? Wawaletee." Mimi niliendelea kukoroga. Direkta alikunja suruali, akachukua kidumu mwenyewe, akashuka nacho kwenye matope mpaka kwenye nyumba ile. Alikuwa Mhutu wa kaskazini, na nalitaja hilo kwa sababu nimesikia wengi wakisema watu wa kaskazini wote walikuwa namna moja. Yeye sikumwona hivyo. Nilimwona pia siku nyingine akinyamaza mahali alipotakiwa kusema, na hilo nalo liwepo hapa.

Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, Direkta alikuwa akinipa fishi niwajazie wazazi wasiojua kuandika. Fishi ni karatasi ngumu ya kila mwanafunzi. Ina jina, mwaka wa kuzaliwa, baba, mama, mahali pa kukaa, na mstari mmoja wa ubwoko, yaani mtoto ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto anafuata ubwoko wa baba. Kwa wale wanaomaliza shule ya msingi, fishi ilikwenda kwa enspekta, yaani mkaguzi wa shule, na bila fishi hakuna mtihani. Na baada ya mtihani nafasi za sekondari ziligawanywa kwa ubwoko, kila kundi na fungu lake. Watu wote walilijua hilo. Mtoto wa Kitutsi aliweza kuwa wa kwanza darasani na bado akabaki nyumbani.

Binti wa jirani yangu alikuwa wa kwanza darasani. Mwezi wa pili nilimjazia mama yake fishi, yeye akimenya viazi mlangoni. Nilipofika kwenye mstari ule nikamuuliza, "Na hapa?"

"Andika Mswahili," akasema. "Sisi ni nini kingine?"

Mtaani kwetu huo haukuwa uongo. Mtu anayeswali msikitini na kuongea Kiswahili, mjini wote walimwita Mswahili, wengine kwa dharau, wengine kwa mazoea tu. Nikaandika Mswahili. Leo sijui kama sikufikiri, au nilifikiri na nikaona tumepata kauchochoro ka kupitia. Nataka kusema sikufikiri. Sina uhakika.

Basi Jumanne ile Direkta aliniita ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni, na mimi nilikipenda.

"Mama, hii umeandika wewe?"

"Mimi, Direkta."

"Enspekta anasema ubwoko hii haiko."

"Mbona sisi tuko."

Akacheka kidogo. "Nyinyi muko. Kwa fishi hamuko."

Akanieleza. Mwisho ni Alhamisi adhuhuri, kwa sababu Ijumaa ni sikukuu ya wafanyakazi. Kiletwe kitambulisho cha baba, fishi iandikwe upya, la sivyo jina la binti linatoka kwenye orodha ya mtihani. Aliongeza kwamba enspekta hakuwa na ubaya. Angeweza kulifuta jina kimyakimya asirudishe chochote. Hilo ni kweli na nililiandika.

Baba mwenyewe alikuwa marehemu. Alikuwa dereva wa lori. Katika kamatakamata ya Oktoba mwaka wa tisini alichukuliwa pamoja na wengi walioshukiwa kuwasaidia waasi, akafungwa miezi mitano, akarudi anakohoa, na hakumaliza mwaka. Binti alikuwa mtoto wao pekee. Na Jumanne hiyo mama yake alikuwa na siku ya nne chini, macinya imemkamata.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Binti alikuwa nyuma ya nyumba anafua matambara. Nilikaa mlangoni, nikamwambia mgonjwa yote kwa sauti ndogo.

"Kitambulisho kiko kwenye kopo la maziwa, pale juu," akasema. "Kichukue. Usinisomee."

"Nikishakichukua?"

"Wewe ndiye unajua kuandika. Andika utakavyoona."

"Mimi nione nini, dada yangu?"

"Kitakachompitisha," akasema, kisha akaomba beseni.

Nilikisoma nyumbani. Vitambulisho vya wakati ule vilikuwa na maneno manne ya Kifaransa yamepangwa kwenye mstari, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na la nne la mgeni aliyepewa uraia. Karani anakata kwa kalamu yale yasiyokuhusu. Kwenye cha marehemu yalikatwa matatu, likabaki la Mtutsi. Nilikuwa nalijua hilo, kila mtu kichochoroni alilijua, lakini sikuwahi kuliona limeandikwa.

Mume wangu ni fundi cherehani. Alikitazama kitambulisho bila kutoa mguu kwenye pedeli. "Andika hilo la nne," akasema. "Babu yake si alitoka Ujiji na magunia ya chumvi?"

"Huyo ni babu upande wa mama."

"Enspekta alimjua babu wa nani?"

Tukacheka wote wawili. Halafu cherehani ikasimama. "Lakini wakija kukuuliza, mimi simo," akasema. Akashona tena kidogo, akasimama tena. "Nisamehe. Nimo. Ila usiandike wewe, mke wangu. Mwachie Direkta."

Jumatano nilikwenda kwa jirani mara tatu na maji ya pipa. Mara ya kwanza alitapika, mara ya tatu yakakaa. Sikumuuliza tena juu ya fishi. Nilitaka aniambie nifanye nini, na nilimwona hana nguvu hata ya kugeuka, nikaona ni dhambi kumtwika.

Alhamisi nilikwenda shuleni na kitambulisho kimefungwa kwenye pembe ya kanga. Binti alikuja nami, amebeba vidumu vitupu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mikono imechubuka kwa kufua. Direkta alituingiza ofisini wote wawili.

"Hicho kwa kanga ni nini?" akaniuliza.

"Sijui bado, Direkta."

"Mimi sijakiona," akasema polepole. "Ukikiweka hapa mezani, nitakuwa nimekiona. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Akaweka mezani fishi mpya na kalamu yake, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. "Naangalia mapipa," akasema. "Ukimaliza niite."

Nilielewa. Mtu yeyote angeelewa. Alikuwa amenifungulia mlango niandike nitakalo, na enspekta akija kuuliza, ni yeye ambaye angepoteza kazi. Nilijaza jina, mwaka, baba, mama, mtaa. Nikafika kwenye mstari. Nikamwambia binti, "Nenda ukajaze vidumu." Hakwenda.

"Mama mkubwa," akasema, "yule mwalimu mpya alitusimamisha kwa makundi."

Direkta alikuwa amelikataza jambo hilo la kuwasimamisha watoto kwa ubwoko shuleni kwake, lakini mwalimu mpya alilifanya kama lilivyofanywa kwingine.

"Ukasimama na nani?"

"Nilikaa. Makundi yote nilikaa. Watoto wakacheka. Mwalimu akasema, huyu mwacheni, huyu ni Mswahili tu." Akatazama fishi. "Nataka kujua baba alikuwa nani."

Hapo ningeweza kumwambia baba yako alikuwa dereva, baba yako alikuwa mtu mzuri, nenda kajaze vidumu. Maneno hayo nimeyapata baadaye, nikiwa jikoni, na nikiwa njiani, na hata sasa. Siku ile nilifungua pembe ya kanga nikampa kitambulisho cha baba yake.

Alitazama picha kwanza. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari wa maneno manne, akaruka yaliyokatwa.

"Hili halikukatwa."

"Ndiyo."

"Basi andika hili, mama mkubwa. Si ndilo la baba?"

Alifurahi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Alifurahi kama mtu aliyepewa kitu cha marehemu cha kuweka.

Kalamu nilikuwa nayo mimi. Niliweza bado kuandika neno la wengi, Mhutu, na mtoto ningemweleza baadaye nyumbani. Nilifikiri: wakigundua, mama yake atafungwa katika hali ile, na Direkta atafukuzwa, na nani atasimamia mapipa? Nilifikiri hivyo kweli. Lakini kwa haki niseme nilifikiri na jambo jingine, kwamba mwandiko huu ni wangu, na sipendi uongo wenye mwandiko wangu. Lipi lilikuwa zito zaidi sijui. Mtoto hakujua anachoomba. Mimi nilijua, na nikaandika Mtutsi.

Nikamwita Direkta. Alisoma amesimama. Alitazama kitambulisho mkononi mwa binti, na sasa alikuwa amekiona. "Yewe mubyeyi," akasema kwa Kinyarwanda, kama vile mtu anavyosema ewe mzazi, na hakumalizia. Akapiga muhuri. Nakala moja iliwekwa kwenye kabati la ofisi, nyingine ikaenda kwa enspekta mchana uleule, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua.

Jirani alipona. Wiki ya pili alikaa mlangoni anachambua maharage, akaniuliza bila kuinua uso, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Lipi?"

Nikamwambia. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. "Sawa," akasema. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Mwaka uliofuata alimchukua binti wakavuka kwenda Bukavu kwa ndugu, na sikuwapata tena.

Binti alifanya mtihani mwezi wa sita. Alitoka akisema hesabu zilikuwa nyepesi.

Orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari ilibandikwa kwenye ukuta wa shule Jumatatu ya tarehe 17 Agosti. Kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Katika shule yetu walichukuliwa wanne. Mmoja wao alikuwa binti aliyekuwa akifundishwa hesabu na huyu wetu wakati wa mapumziko. Alisoma kwa bidii na alistahili, sitaki kumpunguzia. Jina la binti wa jirani halikuwepo.

Lazima niseme kwamba karatasi zake za mtihani sikuziona. Alikuwa ametoka kuuguza mama, huenda alichoka, huenda alikosea. Direkta aliandika barua kuuliza, kwa mkono wake, si kwa wangu. Majibu hayakuja.

Siku ile ya orodha tulikwenda na binti kuangalia. Alisoma orodha kutoka juu mpaka chini, kisha akaanza chini akapanda juu. Watoto wengine walikuwa wanasukumana, wanaitana. Yeye alitulia.

"Mama mkubwa," akasema, "labda kuna karatasi nyingine."

Akazunguka shule nzima. Nilimwona akitazama ukuta wa madarasa madogo, ukuta wa ofisi, hata ukuta wa nyuma palipokuwa na mapipa. Direkta alikuwa mlangoni pa ofisi, na yeye akimtazama. Hakuna kati yetu aliyemwita arudi. Ilibidi amalize kuzunguka mwenyewe.

Jioni niliwaita yeye na mama yake waje kwetu wasipike. Mume wangu alitafuta la kuchekesha, hakulipata. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Karanga zilikuwa zimekwisha, nikaipika na mafuta ya mawese tu, na chumvi ilizidi kidogo. Binti aliomba aongezewe, nikamwongezea.