Karuho ya Nyumba ya Daktari

Mume wangu Polycarpe ni daktari, na kwa miaka mingi amewauliza wagonjwa wa saratani ya damu na ya tezi swali lilelile: kwa nini mmechelewa kufika? Jibu analijua kila mtu wa Bukavu. Mtu akianza kukonda, kutoka jasho usiku na kupata homa isiyoisha, tunasema amelishwa karuho, yaani sumu ya polepole, kisha tunamkimbiza kwa mganga amtapishe. Huku anatapika, uvimbe wa shingoni unaendelea kukua. Hayo ndiyo aliyoyaandika, na mwaka huu jarida moja la Ulaya likayachapisha. Kwa Kiingereza! Nilimuuliza nani huku kwetu atayasoma. Akanijibu kwamba sayansi ina taratibu zake. Mwanamume huyu atanitia wazimu.

Ikabidi makala yamwagiliwe bia, maana kwetu kitu kipya, kiwe diploma au gari, hakijawa chako mpaka watu wamekinywea. Nikapika tangu asubuhi: sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo wa sambaza, mbuzi, bugali. Polycarpe akasimama sebuleni akiwatafsiria wageni kurasa zake, nao wakapiga makofi bila kusikiliza. Mama mkwe wangu, Maman Cibalonza, alikaa pembeni na kikapu chake magotini. Sahani yangu hakuigusa. Alikuja na ndizi zake mwenyewe, na soda aliyoifungua kwa meno.

Nikamvuta jikoni. Nilikuwa nimechoka kunyamaza kwa heshima.

"Maman, chakula yangu iko na nini?"

"Maman Chris, weye unajua. Tangu Constantin alikulaka hapa ku batême ya mutoto wako, hakupona tena."

Constantin ni mdogo wa mume wangu, anakaa Kasha. Tangu ubatizo huo, kabla ya Pasaka, hakukanyaga kwetu. Polycarpe alisema ana kazi nyingi, basi. Kumbe, Maman akanieleza hapohapo, mwenzetu anakonda, shingo inavimba, anapelekwa kwa boti hadi kisiwa cha Idjwi kwa mganga, anatapishwa, anarudishwa. Na ndugu wote walikubaliana daktari asiambiwe, kwa kuwa aliyemlisha sumu ni mke wake. Mimi! Mimi niliyemwongezea nyama kwa sababu aliomba mwenyewe.

Nikarudi sebuleni na aproni yangu, mbele ya wageni wote.

"Polycarpe, acha kusoma. Mugonjwa wako iko Kasha, ni Constantin. Wanasema nilimupa karuho."

Akaziweka karatasi juu ya chupa, akatoka. Hakuuliza hata swali moja, yeye ambaye kazi yake ni maswali. Jioni hiyo alimwingiza ndugu yake hospitali.

Walimkata kipande cha tezi, majibu yakaja: limfoma, ile saratani ya tezi, tena ya aina ambayo ikishikwa mapema wengi hupona. Lakini ilikuwa imeshashuka kifuani. Matibabu yakaanza, na hakuna aliyethubutu kutuahidi kitu. Polycarpe alimweleza mama yake kwa Mashi, lugha yao ya nyumbani, taratibu, nusura alie. Mama akaitikia kila neno, kisha akauliza:

"Sawa, ni ugonjwa. Lakini nani alimutumia?"

Hospitali za kwetu mgonjwa hulishwa na jamaa zake, na nyumba iliyo karibu ni yangu. Nikapeleka uji. Maman Cibalonza akanishika mkono mlangoni.

"Onja kwanza, nikuone."

Nikaonja, nikameza, nikaachama mdomo aone vizuri. Akaniachia, akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Constantin alifumbua macho. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shemeki, mi sikuaminiaka ile mambo hata siku moja."

"Sasa ulienda kwa mganga kufanya nini?"

"Mama alikuwa analia kila siku. Nilienda kutapika juu apate amani."

Miezi yote hiyo! Alijua sikumfanya kitu, alijua kaka yake ni daktari wa ugonjwa huohuo, akaenda kutapika ili mama asilie. Nilitamani kumpiga na kile kijiko. Nikachota uji, nikaupuliza, nikamlisha.