Tumbaku Mbichi Ukweni

Kwetu Unyamwezini mama mkwe hatazamwi ovyo. Akija huku, wewe unachepuka kule. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anasalimia akiangalia pembeni. Mimi nilikuwa sijawa hata mkwe. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia kutoka Gongoni, na barua yangu ya posa ilikuwa imekaa wiki tatu bila majibu. Baba wa mchumba wangu, mkulima wa tumbaku, alituma neno moja tu: aje kwanza tumwone akifanya kazi.

Nikaenda. Asubuhi ile mvua ilikuwa imetoka kukatika, shamba zima linachuruzika maji. Mzee na wanawe nikawakuta wamejibanza kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, wanakunywa uji, nami nikapewa bakuli. Wote wamevaa mashati ya mikono mirefu.

"Shikamoo, baba. Mbona hatuanzi?"

"Marahaba, mwalimu. Majani yana maji. Yakikugusa ngozini yatakulewesha."

Jamani! Mimi na shahada yangu nileweshwe na jani! Nikapandwa na mori wa kufundisha, ugonjwa wangu wa siku zote. Nikawaambia: ndani ya mwili kuna kemikali inaitwa asetilikolini, kazi yake kupeleka ujumbe kutoka mshipa wa fahamu mmoja hadi mwingine. Nikotini ya tumbaku inajifanya ndiyo yenyewe, inaingia mlangoni bila hodi. Sasa mdudu anaitegemea hasa kichwani, ndiyo inayouendesha ubongo wake. Misuli yake inaamriwa na kemikali nyingine. Sisi ni kinyume. Kwetu inaamuru misuli, na ubongo unaendeshwa zaidi na ile nyingine. Kwa hiyo ukimnyunyizia kidukari maji ya tumbaku, akili inamruka anakufa. Binadamu hana shida!

"Na tumboni je?" mzee akauliza. "Hiyo kemikali haifiki?"

"Inafika, baba. Tumbo, mate, machozi, vyote inaviamuru."

Nilijibu vizuri kabisa, maksi zote, na sikujisikiliza hata kidogo. Nikavua shati ili waone kifua cha mwanamume, nikaingia shambani peke yangu. Nilichuma majani nikiyabana kwapani, nikayakumbatia mzigo baada ya mzigo, maji yananitiririka mpaka kiunoni. Wale shemeji zangu watarajiwa walikuwa wananipigia makofi, wapuuzi wale! Nikajua mke nimeshapata.

Haikupita saa moja, mate yakaanza kunijaa mdomoni. Kichwa kikazunguka. Mkono ukawa unatetemeka wenyewe, nauambia tulia, wapi! Nikatoka shambani nikipepesuka kuelekea bani, na wakati huohuo mama mkwe alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani. Kwa heshima, akageuza uso ili asinione kifua wazi. Angekuwa ananitazama angekwepa. Nikamtapikia miguuni, uji wote, kisha nikaanguka palepale.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajisemea basi, posa imekufa, nimeiua kwa mdomo wangu mwenyewe, na yule binti ninayempenda ataolewa na mtu mwenye akili ya kuvaa shati.

Mama alitua ndoo. Akaketi chini kwenye tope, akakiinua kichwa changu akakilaza kwenye mapaja yake, akanimwagia maji kifuani na kunisugua kwa kanga aliyojifunga. Alikuwa ananitazama usoni, waziwazi, mbele ya watu wote.

"Wewe mzee," akamwambia mumewe, "jibu barua ya huyu mtoto. Mimi mkwe wa kukwepana naye njiani sina tena. Huyu nimeshamwosha, ni wangu."

Nikalia kama mtoto mchanga.

Mzee akainama, akanichungulia vizuri. "Mwalimu, na hayo machozi ni ya tumbaku?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nilimdanganya.