Mkubwa wa Darasa la Tano

Niliporudi shuleni nilikuwa na miaka kumi na minne, na darasa la tano lilikuwa la watoto wa miaka kumi. Walimu wa mji wetu wa Likasi walikuwa wamegoma muda mrefu, kiwanda alichofanyia kazi baba kikasimama, nami nikabaki sokoni na mama tukiuza unga wa mahindi kwa kopo. Sasa nilikaa dawati la nyuma, peke yangu. Saa ya mapumziko wasichana waliruka kamba; nilipokaribia waliniamkia kwa heshima kama dada yao mkubwa, "Jambo, yaya," kisha wakanyamaza mpaka niondoke.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa mmoja kwa wote. Hesabu hazikunisumbua, soko lilikuwa limenifundisha. Imla ya Kifaransa ndiyo iliyonitoa jasho, kwani maneno mengi yalikuwa yamenipotea. Hata hivyo nikawa wa kwanza. Mwalimu aliniambia mwenyewe, akicheka kwa furaha.

Kesho yake nilikuwa nafagia darasa, mwalimu akiwa mezani, mama wa msichana aliyenifuata kwa alama akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ule haiko mutoto, ni muntu mukubwa. Namna gani unamupima pamoja na batoto betu?"

"Mama, miaka mingi hakusoma."

"Hakusoma, lakini akili ilikomaa. Miye mutoto wangu iko na miaka kumi!"

Mwalimu alinitupia jicho, akavuta daftari la alama. Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Siku ya kusoma matokeo, wazazi wakiwa wamejaa uani, msichana yule ndiye aliyeitwa wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Wakaitwa wengine wote, mmoja mmoja. Jina langu lilisomwa mwisho kabisa, bila kutajiwa nafasi: "Amepita." Watu walikuwa wameshaanza kuondoka.

Njiani nilimfikiria yule mama. Hakusema uongo, binti yake hajawahi kubishana na mteja juu ya kopo la unga. Lakini nilipoandika imla, nani alinihesabia miaka niliyokosa?

Nilimkuta mama yangu sokoni anafunga gunia.

"Ulipita?"

"Nilipita."

"Mungu asifiwe."

Alifurahi kweli, hata akawaita majirani wa meza kuwaambia. Walinipongeza. Nikawashukuru, nikainama kushika upande wa pili wa gunia, na lile la kuwa wa kwanza sikumwambia mtu.