Dole Gumba Langu kwenye Mahudhurio

Bado naikumbuka ile Jumamosi ya mvua kule Handeni, mwanangu, na tangu uliponipigia simu jana imenirudia yote. Unasema mkutano wako wa kijiji haukutimiza akidi, na unafikiria "kuweka sawa" mahudhurio. Hee! Kabla hujashika kalamu, nisikilize mama yako.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kama wewe leo, binti mdogo, najiona najua kila kitu. Lambo letu lilikuwa linakauka, na ng'ombe wanaingia humo humo tunamochota maji. Tukatunga sheria ndogo: mifugo inywe kwenye birika, isikanyage lamboni. Sheria nzuri, hata leo naisifu. Siku ya kuipitisha ikanyesha mvua, watu wakakimbilia kupanda mahindi. Walikuja wachache tu, wamelowa. Na mimi wilayani nimeshaahidi muhtasari Jumatatu! Basi nikaketi nyumbani nikajaza majina ya wasiokuja. Wasiojua kuandika nikawawekea dole gumba. Dole langu mwenyewe, mwanangu, naligeuzageuza lisifanane.

Baada ya wiki chache mgambo wakawakuta ng'ombe wa Mzee Mhina lamboni. Mkutanoni, safari hii watu wamejaa, nikamsomea kwa mbwembwe: jina lako hili, dole lako hili.

"Siku hiyo nilikuwa Mombo, namzika dada yangu," akasema taratibu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mmoja akasimama: "Na mimi sikuwepo." Akasimama mwingine, na mwingine.

Mzee Mhina hakunitukana, na afadhali angenitukana. "Ungeniuliza ningekubali, binti yangu. Lakini umekubali wewe kwa niaba yangu. Haya, sheria hiyo ilinde wewe."

Tangu hapo hakuna aliyeitii sheria ile. Muhuri ulikuwepo kwenye karatasi, na ng'ombe wakaingia lamboni mbele ya macho yangu mpaka maji yakawa tope. Kila nilichosoma watu waliguna, hata kilichokuwa kweli. Nilibeba ndoo na wanawake wenzangu kutafuta maji mbali, na njia nzima hakuna aliyenisemesha.

Ndiyo maana nina hofu, na si kwa kijiji chako tu. Katiba, bunge, mihuri yote hiyo inasimama kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kusema, "Hili tuliulizwa." Siku akishindwa kusema hivyo, mtabaki na makaratasi na mgambo, na mgambo hawatoshi.

Basi ahirisha. Andika wazi kwamba watu hawakutosha. Wilayani wakufokee, mimi nilikuja kufokewa zaidi ya hapo na sikufa. Pita nyumba kwa nyumba uwaite upya, na anayepinga mpe nafasi aseme mpaka amalize.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wanaokubishia usoni na kushika makubaliano hata ukiwa hupo. Na dole lako libaki kuwa la mtu mmoja.